Sori ya Nyanya Yako

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata ile siku nilisimama mbele ya kisu cha tohara, na kisu hicho hakuna Mbukusu anakisahau. Ilikuwa hapa hapa kwa hii boma, kwa nyumba ya nyanya yako, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nitakwambia yote. Lakini vuta kwanza kiti, kunywa chai, hii maneno haina haraka.

Jana ulikuja mbio, jasho kwa uso, ati umepata kazi Kitale ya kutafsiria wale Wajapani wa mambo ya maji. Ukatoa kamusi mpya kwa begi, ukaipiga makofi kama ng'ombe umenunua soko ya Chwele. "Baba mdogo, hii iko na maneno yote!" Mimi nikanyamaza. Na unanijua, kunyamaza si kazi yangu. Watu wa hapa husema mdomo wangu ulizaliwa kwanza, mimi nikaufuata nyuma. Sasa usiku wote nimegeuka geuka kwa kitanda, nikasema hapana, huyu kijana asiende Kitale kabla sijamwambia.

Mimi si mzee. Mvi hizi unaona ni za hasira, si za miaka. Mwenye alifaa kukukalisha hapa ni baba yako, na yeye tulimzika. Kwetu baba akienda, ndugu yake ndiye baba, apende asipende. Kwa hivyo leo mimi ni mzee wako. Vumilia.

Kijapani mimi sikufunzwa kwa darasa. Shule niliachia kidato cha pili, nikaenda Kitale, nikapata kazi kwa gereji ya Kalasinga mmoja, Bwana Kartar. Mtu wa kilemba cha bluu, ndevu nyeupe, mkono mzito kama nyundo. Wakati huo pikapu za Kijapani zilikuwa zinaanza kujaa, yale magari ya Waingereza yanazeeka. Kila boksi ya spea inakuja na maandishi kama kuku amekanyaga matope. Wenzangu walikuwa wanafungua, wanatoa spea, wanatupa boksi. Mimi nilikataa. Nilikasirika, bana. Kitu kinanishinda aje, na nimekishika kwa mkono wangu? Nikaanza kuweka zile boksi chini ya kitanda, saa ya chakula natoa moja nachora zile herufi kwa vumbi.

Hapo ndio Kenji alinikuta. Alikuwa kijana rika langu, alikuja kutoka Japani kufanya kazi ya chemchemi huko juu Cheptais, kuzijengea ukuta wa simiti na kuweka paipu ndio watu wasichote maji pamoja na ng'ombe. Alileta pikipiki itengenezwe. Akaniona nimechutama nachora, akachutama kando yangu, akafuta herufi moja na kidole, akaichora vizuri. Hakucheka. Mwanangu, watu wengi walikuwa wamecheka. Yeye hakucheka, na mimi mtu akinifanyia hivyo siku moja, nitamfia.

Akanipa kamusi yake ndogo, ya Kizungu kwenda Kijapani, ya kuingia mfukoni. Mimi nikaona nimefika. Si unatafuta neno la Kizungu, unapewa la Kijapani, kwisha? Nikatafuta la kuvaa. Nikakuta maneno matatu yamepangwa pale, nikachukua la kwanza, kama mtu anachukua chapati ya juu. Nikamwambia Kenji kwa Kijapani, na maringo, ati leo nimevaa kofia mpya.

Akanitazama kwa kichwa. Akaniuliza polepole, na Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wekesa, kofia yako iko na mikono mirefu ama mifupi?"

Kisha akaanguka kwa matairi akicheka. Sasa hapo alicheka, na alikuwa na haki. Kwao, mwanangu, shati unalivaa na neno lake, *kiru*. Suruali na viatu vina lao, *haku*. Kofia nayo ina lake, *kaburu*. Mzungu amefunga zote kwa kamba moja. Nilikuwa nimevaa kofia kama shati.

"Usiulize kamusi kwanza," akaniambia. "Angalia nguo. Angalia inaenda wapi kwa mwili. Kisha chukua neno."

Hivyo ndivyo alinifunza, jioni baada ya jioni, mpaka nikaongea. Weka hiyo kando, tutairudia.

Cheptais ni mbali na Kitale, na pale alikuwa anakaa Kenji palikuwa na paa inavuja. Nikamleta huku nyumbani, ndio awe karibu na mlima. Alikuja na mvua kubwa, nyanya yako akamwita Wafula hapo hapo, jina la mtoto wa mvua, hakuuliza mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyanya yako alimpa siku ya pili, hakungoja. Akamchagulia jembe la mpini mwepesi, akamwonyesha mistari ya maharagwe. Na kijana alijua kulima! Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga huko kwao. Jirani walikuja kusimama kwa ua kuangalia Mjapani anapalilia, wakangoja akate maharagwe wacheke. Wakachoka, wakaenda nyumbani.

Kitu kimoja tu kilimshinda, mlango wa jikoni. Ule mfupi, unaujua, hata wewe umekupiga. Siku ya kwanza aliingia, akajigonga kichwa, tii! Nyanya yako akashika mdomo. "Sori! Sori, mwanangu, sori!"

Kenji akainama. "Hapana, Mama. Si wewe. Ni mlango."

"Sasa mlango ndio utasema sori?" nyanya yako akamuuliza.

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini Kenji lile jambo halikumtoka. Jioni akaniuliza, kwa nini Mama anaomba msamaha na hajafanya kitu? Nikamweleza. Sisi tuko na pole na tuko na samahani. Pole ni ya mtu ameumia, samahani ni ya mtu umemuumiza. Mzungu alikuja na sori yake moja, sisi tukaishika na mikono miwili, tukaifanyisha kazi zote. Mtu akianguka na baiskeli, sori. Akifiwa, sori. Ukimkanyaga, sori. Nyanya yako Kizungu chake kilikuwa ni hiyo moja na "tenki yu".

Kenji akatikisa kichwa. Akasema kwao ndio balaa. Akanifungulia kamusi mahali pa sori, akanionyesha maneno yamejaa kama abiria. Liko la kumkanyaga mtu sokoni. Liko la mvua imeharibu mchezo. Liko la kumhurumia mtu ukiwa mbali naye. Liko la heshima, la matanga, linasema msiba wenu umetufikia na tunalia na nyinyi. Na liko moja zito, *moshiwake gozaimasen*. Hilo ukilifungua ndani linasema, sina neno la kujitetea. "Hilo," Kenji akasema, "mtu anasema na paji la uso liko chini."

Mwanangu, kama ningejua nitalihitaji wapi, ningeziba masikio.

Ilikuwa mvua ya mwezi wa tano. Kenji alishuka kutoka mlimani amelowa, anatetemeka. Nyanya yako akamwambia, Wafula, kesho enda hospitali. Akasema ataenda, lakini kwanza simiti ya chemchemi imalizwe, mvua itaibeba. Unajua vile nyanya yako alikuwa. Akampa chai ya tangawizi, akamvalisha sweta ya babu yako, akamfunika. Asubuhi Kenji aliamka anacheka, akasema amepona, akapanda mlima. Alirudi amebebwa. Wakamkimbiza hospitali Bungoma, lakini malaria ilikuwa imepanda kichwa. Mimi nilikuwa Kitale, nimelala chini ya gari. Waliniambia nikiwa bado chini. Nilikaa huko huko chini.

Maneno nayo hayakukawia. Chwele siku ya soko yakaanza, ati Mama Wekesa alimlisha mgeni nini? Ati alimwona anatetemeka, akampa sweta badala ya daktari. Mwanamke mmoja wa ndizi aliyasema mimi nikisikia. Nilipiga teke karai lake, ndizi zikatawanyika soko yote, nikampigia kelele mpaka wanaume wawili wakanibeba nje kama kondoo. Hiyo ilisaidia nini? Hakuna. Hasira hasara. Kesho yake maneno yakawa mengi zaidi, ati unaona, hata mtoto wake amejua kuna kitu.

Wazazi wa Kenji wakaja kutoka Japani, wameletwa na bwana mmoja wa ofisi yake. Kwao maiti inachomwa. Bwana Kartar ndiye alienda kuongea na wazee wa Wahindi wenzake, wakakubali achomewe pale Wahindi wanachomea watu wao. Sisi kwetu, mtu bila kaburi la kupaliliwa unajua vile ni. Nyanya yako aliposikia aliuliza kitu kimoja tu.

"Sasa nitapalilia wapi?"



Kisha habari ikaja kwamba wale wazazi wanataka kuona nyumba ambayo mtoto wao alikuwa analala. Nyanya yako akaniita. "Wekesa, nataka niwaambie sori. Lakini kwa lugha yao. Wewe utanisemea." Yule bwana wa ofisi alikuwa ametuma habari kwamba yeye anajua Kizungu na Kijapani, asaidie. Nyanya yako akakataa kabisa. "Maneno yangu hayawezi kubebwa na mtu hajakula kwangu."

Nikasema sawa, Mama. Nikarudi Kitale kazini, neno nimeshachagua njiani. Nilichagua lile la matanga, la heshima, la msiba wenu umetufikia. Lile zito la sina la kujitetea sikutaka hata kuliangalia. Mama yangu aombe msamaha? Wa nini? Alimuua nani? Aseme hivyo mbele ya majirani wote, na yule wa ndizi amesimama hapo? Nilisema, mimi nikiwa hai, hiyo haitafanyika.

Basi nikawa kwa gereji nafungua nati ya pikapu, huku narudia lile neno la matanga kwa sauti ndio ulimi ulizoee. Spana ya milimita kumi na mbili sikuiona karibu. Nusu inchi ilikuwa kando, ile ya magari ya Waingereza. Nikaichukua. Sasa sikiza, kwa sababu wewe gereji hujui. Nusu inchi inaingia kwa nati ya kumi na mbili. Inaingia vizuri tu, hata inashika kidogo. Kisha ukivuta kwa nguvu inateleza, inakula kona za nati. Nati inabaki mviringo kama punje ya mtama, na hapo hata ile spana yake ya kweli ikija haishiki tena.

Bwana Kartar akaninyang'anya spana kutoka nyuma. "Hii nani nafundisha wewe?"

"Si imeingia!"

"Imeingia! Hata mwizi naingia kwa nyumba. Nyumba ni yake?"

Nikatupa kitambaa chini. Ningekuwa na mahali pengine pa kula, ningeondoka siku hiyo. Yeye hakunifokea tena. Akaokota kitambaa, akapangusa ile spana. "Tangu asubuhi wewe naimba maneno moja kama honi. Ni nini?"

Nikamwambia yote.

"Mama nataka kusema nini?"

"Sori."

"Sori gani?"

"Sori tu, Bwana Kartar! Sori ya kufiwa."

"Umeuliza yeye?"

"Nitauliza nini? Ni mama yangu. Mimi namjua."

"Sijasema hujui. Nasema, umeuliza?"

  Nikaangalia ile nati, kona moja ilikuwa imeshaanza kulika, inang'aa. Nikaomba ruhusa, nikaja nyumbani.

Nilimkuta nyanya yako kwa veranda, anachagua maharagwe kwa ungo. Alikuwa amenyoa. Kichwa chote, kinang'aa, vile mama hunyoa akishazika mtoto wake. Hakuwa ameambia mtu. Nikasimama kama mti.

"Mama, umenyoa?"

"Kwani yule alikuwa wa nani?"

Nikakaa chini. Nikamweleza, nimeogopa kidogo kuanza. Nikasema kwao sori si moja. Iko moja inasema msiba wenu umetufikia, tunalia na nyinyi, na haisemi mtu amekosa. Iko nyingine inasema nimekosa, sina neno la kujitetea. Nikamwambia, mimi nimeshakuchagulia ya kwanza.

Akaweka ungo chini.

"Nani alikutuma unichagulie moyo?"

"Mama, hujakosa!" Nilipiga kelele, mpaka kuku wakaruka. "Ulimwambia aende hospitali! Akakataa! Ukisema hiyo ya pili utakuwa umekubali maneno ya soko. Watasema si unaona, amekiri!"

"Soko iko hapa? Naiona? Mimi naenda kuongea na mama mwenzangu." Hakuinua sauti. "Kijana alitoka kwake mzima, akalala kwangu. Nilimwona anatetemeka. Asubuhi nikamwacha apite kwa mlango. Sikumuua, Wekesa, najua sikumuua. Lakini mlango wa mwisho alitokea ni wangu. Sasa nimwambie mama yake tu pole? Pole hata mtu anapita barabarani atamwambia. Mimi nilikuwa napita?"

Niliokota harage moja chini, nikalirudisha kwa ungo.

"Unanipenda, najua," akasema. "Unataka kunifunika. Lakini umenifunika mpaka mdomo. Wewe beba maneno yangu vile yako. Yakiwa mazito, mimi ndio nitainama, si wewe."

Akachukua ungo, akaendelea kuchagua maharagwe. Nilikaa pale nimekunja ngumi na hakuna wa kupiga.

Siku ikafika. Gari likaingia kwa boma, majirani wakajaa kwa ua, na yule mama wa ndizi hakukosa. Baba yake Kenji alikuwa mfupi, suti nyeusi, lakini mikono ilikuwa ya shamba, nikaijua mara moja. Mama yake alikuwa amebeba sanduku dogo limefungwa kitambaa cheupe, amelikumbatia kifuani vile unabeba mtoto amelala. Ndani ndio majivu. Walipofika mlangoni wakavua viatu. Kwa nyumba yetu ya udongo, chini imepakwa mavi ya ng'ombe asubuhi hiyo, wakavua viatu wakaingia na soksi. 

Nyanya yako hakukaa kwa kiti. Akatoa kitambaa kwa kichwa, akapiga magoti. Akasema Kibukusu na Kiswahili, vimechanganyika, mimi nikibeba kwa Kijapani nyuma yake kidogo kidogo. Akasema walinipa mtoto na hawakunijua. Akasema alilima kwangu, alikula kwangu, nilimwita Wafula. Akasema alitetemeka nikamfunika, nikafikiri ni baridi ya mlima. Kisha akainua uso, akamwangalia yule mama machoni, akasema hiyo moja yake.

"Sori."

Akanigeukia, akangoja.

Mwanangu, lile neno la matanga lilikuwa hapa, kwa ncha ya ulimi, laini, nimelizoea. Hakuna mtu kwa hiyo nyumba angejua, isipokuwa bwana wa ofisi, na yeye angefurahi. Nikapiga magoti kando ya mama yangu. Nikaweka paji la uso chini, vile Kenji alisema. Nikasema, *moshiwake gozaimasen*.

Yule bwana wa ofisi alinivuta shati. Akaninong'oneza na Kizungu, "Unajua umesema nini?"

"Najua," nikamwambia. "Hata mama yangu anajua."

 Nilisikia nguo zinasuguana. Nilipoinua macho, yule mama wa Japani alikuwa ameweka lile sanduku kwa meza, na wote wawili, yeye na bwana yake, walikuwa wamepiga magoti kwa ile mavi ya ng'ombe, suti na yote, vichwa vimegusa chini. Na yule baba akasema nini? Lile neno. Lile lile zito. Akaendelea, sauti inakatika, mimi nikibeba kuja Kiswahili, na sikuwa na kamusi, nilikuwa na machozi tu.

"Mtoto wetu alikula chakula chenu, akawaletea kifo kwa nyumba. Amewaachia uchungu, na labda maneno ya watu. Kazi mlimfanyia ilikuwa yetu sisi wazazi. Sina neno la kujitetea."

Nilisema kwa sauti ya kufika uani. Hiyo nilifanya makusudi, siwezi kudanganya. Nikaona yule mama wa ndizi anaangalia vidole vyake vya miguu.

Sasa wazazi wa pande mbili wako chini, hakuna wa kuamka kwanza. Nyanya yako akaniambia, "Waambie waamke. Chini ni baridi."

Waliamka. Mama yake Kenji akasogea karibu, akaangalia kile kichwa kimenyolewa, akaniuliza ni ugonjwa? Nikamwambia hapana, hapa kwetu mama ananyoa akizika mtoto wake.  Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha nyanya yako, akakiacha hapo. Nyanya yako akafunga macho. Mimi nikatoka nje, sikuweza.

Yule baba alinifuata. Akasimama anaangalia shamba, kisha majembe yameegemea ukuta wa jikoni. Akauliza la mtoto wake ni lipi. Nikamwonyesha lile la mpini mwepesi. Akavua koti, akanipa nishike. Akakunja suruali, akaingia kwa maharagwe na hizo soksi, akapalilia mstari mmoja mpaka mwisho. Hakukata hata jani. Hakuna mtu alicheka. Mzee mmoja jirani alitoa kofia.

Nyanya yako alikuwa amesimama mlangoni na yule mama, wanaangalia. Akasema, pole pole, kama mtu amewekewa mzigo chini, "Basi. Nimejua nitapalilia wapi."

Ule mstari wa karibu na jikoni, mwanangu, ule nyanya yako hakukubali mtu aguse mpaka siku tulimzika, ule ulipigiwa kelele ukikanyaga ukiwa mdogo, ukaja kwangu unalia ukauliza Nyanya ana nini. Ndio huo.

Sasa enda Kitale. Kamusi yako ni nzuri, nimeiangalia usiku ukiwa umelala, ni kubwa kuliko yangu. Lakini ukikuta neno la Kizungu limezaa watoto wengi kwa Kijapani, usichukue yule amekimbia kwanza kufungua mlango. Angalia nani anasema, anamwambia nani, na yeye mwenyewe ameweka nini ndani ya hilo neno. Kama hujui, simama uulize. Hakuna aibu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa kutafsiri unajikwaa na miguu ya wengine. Lile neno linalokaribia ndio baya kuliko lile hujui kabisa, kwa sababu la kukaribia linaingia, linazunguka, na linakula kona.

Na hili lingine ndilo limenitoa usingizi, kwa sababu hasira yangu umerithi, nimeiona. Utampenda mtu unamsemea. Utataka kumlinda. Utaona maneno yake yatamwaibisha, ama yatampa adui nafasi, na utataka kuyalainisha kidogo, kwa mapenzi tu. Usifanye. Kama una wasiwasi, mvute kando umwambie, gombana naye hata kuku wakiruka. Akisema bado ni hilo, piga magoti kando yake ulibebe vile liko. Kumpenda mtu si kumchagulia moyo. Mimi nilibaki kidogo tu nimnyime mama yangu neno lake, na pamoja na hilo neno ningemnyima ule mkono kwa kichwa, na ule mstari wa maharagwe.

Chai yako imepoa. Wacha, nitakuwekea nyingine.

Lete kichwa hapa, inama kidogo, umekuwa mrefu bure. Wele, Mungu wa babu zetu, akutangulie kwa ile barabara. Mdomo wako uwe daraja, watu wapite juu yake wafike ng'ambo na mizigo yao yote. Ukikosa neno, upate wa kukuuliza vile Kalasinga aliniuliza. Na popote utalala, mwenye nyumba akuone mtoto wake, na wewe umrudie ukiwa mzima. Enda, mwanangu. Chunga ule mlango ukitoka.